Mbawa za Mzinga wa Mwisho

Katika mizinga yote aliyokuwa nayo Sagynbek kijijini kwake At-Bashy, ulibaki mmoja. Mingine iliteketea kwa ugonjwa ule ule: nyuki wachanga wanatoka kwenye sega mbawa zimekunjamana, wanaanguka majanini, wanatambaa mpaka wanakufa. Ni virusi, alisema binti yake Nurzat, mtaalamu wa maabara mjini Bishkek, na vinabebwa na utitiri. Alimwambia alete mzinga ule kwa dawa ya majaribio, lakini hakumficha: ukiingia chumba cha wavu cha maabara hautoki tena, wala nyuki wake, ndiyo sheria. Mzee akavitukana virusi, akaitukana na sheria, kisha akaupeleka. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Humu umetia nini?" aliuliza, nyuki wake wakigombea sharubati ya sukari.

"Bakteria, Baba."

"Wagonjwa unawapa vijidudu tena? Kwani walivyo navyo vimepungua?"

"Hawa si wageni. Ni wale wale wanaoishi tumboni mwao tangu enzi. Mimi nimewafundisha kazi tu: wauonyeshe mwili wa nyuki alama za adui, ukimwona umkatekate. Na utitiri akija kunyonya, anakunywa kifo chake."

"Ati umefundisha bakteria! Mimi nilishindwa kukufundisha wewe kukama farasi."

Nurzat akacheka. Kisha, mbele ya macho ya mzee, akaiondoa sharubati.

"Sasa watakaozaliwa watakunywa nini, we mtoto?"

"Tazama kwenye kioo."

Mzee akainama mpaka kofia yake ikagonga kioo. Kifuniko cha nta kilikuwa kinatafunwa kwa ndani. Kikatokeza kichwa chenye manyoya, kimechoka kwa kazi hiyo. Dada zake wakamjia mbio, wakamlamba, wakamlisha mdomo kwa mdomo.

"Huzaliwa tumbo tupu kabisa," Nurzat alinong'ona. "Bakteria anapewa na dada zake."

Sagynbek hakuwahi kumwacha mgeni atoke mlangoni kwake bila kuonja mkate, hata yule aliyetoka kugombana naye. Maisha yake yote amefuga nyuki, na hakujua kuwa nao wanaonjeshana.

"Loo! Kumbe ni watu hawa," alisema.

Huyo wa kwanza alikuwa bado kilema, utitiri alimwahi akiwa ndani ya sega. Mzee akagoma kurudi nyumbani, akawa anashinda pale kiooni na chai yake, mpaka uzao uliofuata ulipoanza kutoboa nta. Akatoka mmoja, akatoka wa pili, kisha wengi, na kila mmoja alizinyoosha mbawa zake, nzima, nyembamba, zinapitisha mwanga. Mzee akamtaja Mungu.

Siku chache baadaye, mmoja akaruka. Hakwenda mbali. Aligeuka akautazama mzinga, akayumba kulia na kushoto mbele ya mlango, akarudi nyuma kidogo, akautazama tena.

Nurzat alijua maana yake. Akafunika uso.

"Anajifunza njia ya kwao, Baba. Ili akienda mbali asipotee." Nyuma ya yule nyuki, karibu kabisa, palikuwa na wavu. "Nisamehe."

"Shii," alisema mzee, machozi yakimtiririka ndevuni. "Mwache ajifunze."