Wavu Juu ya Kunegunda

Kunegunda alikuwa akining'inia kwa mguu mmoja. Miguu yake mingine ilipapasa hewa ikitafuta pa kukanyaga na isipate, na tumbo lake, zito, lenye manyoya ya rangi ya kutu, liliyumba polepole chini ya wavu wa kifuniko cha sanduku lake la kioo kama tunda ambalo kikonyo chake kimeanza kukatika. Bogna alisimama mlangoni, mfuko wa viazi mkononi. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa hofu wala huruma, lilikuwa uchovu. Ee Mola wangu, alijisemea, na hili pia.

"Lesław!" aliita. "Njoo. Shangazi yako amenasa."

Kaka yake alitoka jikoni akikokota ndara, mkono wa kulia ukimtetemeka ubavuni, kama ulivyozoea tangu maradhi yalipomwingia. Alikuwa akifuga buibui wakubwa tangu ujana wake. Huyu alimpa jina la shangazi yao wa mji wa Bydgoszcz, mwanamke mnene, mkali, asiyependa kuguswa.

"Usiinue kifuniko!"

"Sijakigusa."

Aliinama mbele ya sanduku la kioo. Mchanga uliotandazwa ndani ulikuwa umelowa, mweusi. "Nani katia maji humu?"

"Mimi. Hita zimekausha nyumba nzima, midomo yangu inapasuka. Nikasema na yeye maskini ana kiu."

"Huyu ni wa nchi kame, Bogna! Akikanyaga unyevu anaukimbia, anapanda juu. Huko juu kuna wavu. Kucha zinaingia kwenye matundu, hazitoki. Akianguka tumbo linapasuka kama yai."

"Wavu huo ungekuwa umeondoka tangu Pasaka, ungeniachia keekee nitoboe vile vipya."

"Ungepasua plastiki."

"Ungeipasua wewe, kwa mkono huo."

Neno likishatoka halina mlango wa kurudia. Wote wawili walitazama pembeni, mahali ambapo vifuniko vipya vya plastiki ngumu, angavu, vilikuwa vimeegemezwa ukutani vikingoja kutobolewa tundu za hewa. Kila Jumapili Lesław aliahidi kuvitoboa wiki ijayo. Kila wiki vumbi lilizidi kulala juu yavyo.

Bogna alikuja katika nyumba hii kumuuguza kwa muda mfupi, na muda mfupi ule ukaota mizizi. Alimfunga vifungo vya shati, alimkatia nyama sahanini, alikesha akisikiliza kikohozi chake. Nyumbani kwake mwenyewe, upande wa pili wa mto, mimea ilikufa dirishani. Angeweza kumchukua kaka yake akaishi naye huko. Buibui hawa hapana, na bila hao kaka yake hakubali kuondoka. Tobiasz, mwenzake Lesław katika chama cha wafugaji wa buibui, alikwisha sema atawapokea wote siku atakayoambiwa. Lililobaki ni Lesław kutamka neno moja tu: siwezi. Bogna alilingoja neno hilo kama mgonjwa angojavyo alfajiri.

Lesław alichukua mkasi wa kucha. Aliusogeza juu ya wavu, akashusha pumzi, akajaribu. Ncha iligonga waya, tik, tik, tik, na chini yake Kunegunda akashtuka mwili mzima. Alijaribu tena. Kisha akaulaza mkasi juu ya meza, taratibu, kama mtu anayelaza kitu kilicholala.

"Siwezi," alisema. "Kata wewe."

Bogna alidhani neno lile lingemtua mzigo. Badala yake alihisi kama amemwona kaka yake akivuliwa nguo mbele za watu, na akatamani kulirudisha kinywani mwake kabla halijasikika hata na kuta.

"Nikate wapi?" aliuliza, kwa sauti ya ukali asioukusudia.

"Mbali na ukucha. Waya mmoja mmoja. Mimi nitamkinga."

Alipitisha mkono wa kushoto, uliokuwa ungali na utii kidogo, katika mlango mdogo wa kulishia, akiwa na sifongo kiganjani. Sifongo ilitikisika. Hata hivyo Kunegunda aliigusa, akasita, akaikanyaga.

"Pumua, Bogna."

"Wewe ndiye hupumui."

"Bibi huyu amedumu kuliko ndoa yako."

"Na ana adabu kuliko aliyekuwa mume wangu. Nyamaza, nitakukata kidole."

Waya wa mwisho ulipokatika, buibui alijivuta kwa nguvu. Mguu ulibaki juu, kwenye kipande cha wavu; mwenyewe akashuka juu ya sifongo akiwa na miguu saba. Palipong'oka palitoka tone la majimaji ya samawati hafifu. Bogna alifanya ishara ya msalaba.

"Nimemuua."

"Ameuacha mwenyewe. Ndivyo wafanyavyo wakikosa njia. Lete wanga wa viazi, ule wa kupikia."

Wanga ukanyunyizwa kwa brashi laini, tone likaganda. Wakabadilisha mchanga kwa mchanga mkavu. Halafu Bogna, bila kuulizwa na bila kuuliza, akachukua keekee.

"Weka ubao chini yake," Lesław alisema. "Usikandamize. Iache ijilie yenyewe."

Kifuniko cha kwanza kilipasuka pembeni. Bogna alimtazama kaka yake akingoja lawama, lakini Lesław alikuwa akicheka kimyakimya, mabega yakimtikisika zaidi ya mkono. Cha pili kilitobolewa salama, tundu ndogo ndogo, safu zilizopinda kidogo. Alikifunika juu ya Kunegunda. Humo ndani hamkuwa tena na kitu cha kunasa ukucha.

"Mguu utaota?" aliuliza.

"Akijivua ngozi. Mwanzoni unakuja mwembamba."

"Atajivua lini?"

"Mzee kama huyu?" Lesław aliutazama mkono wake wa kulia, kisha dirisha. "Mwaka. Pengine miwili."

Tramu ilipita chini barabarani, vioo vyote vikanong'ona. Bogna alipangusa unga wa plastiki mapajani.

"Basi nionyeshe dalili zake. Nijue mapema."

Lesław alivuta kiti, akaelekeza kidole kisichotulia kwenye kipara kidogo nyuma ya tumbo la buibui. "Hapa. Siku pakigeuka peusi, usimlishe wala usimguse."

Bogna aliinama, paji la uso likakaribia kioo. Palikuwa bado peupe.