Barabara Ikatae Yenyewe

Ukija dukani kwangu kununua matairi, kabla hujafungua mdomo kuniambia unataka nini, nitakuuliza unakaa wapi. Watu hucheka. Wengine, hasa wanaume wenye magari mapya, hujikohoza wakidhani mama huyu ana lake jambo. Thubutu! Nataka kujua njia ya kwenda kwako, basi. Tairi huchaguliwa kwa ile barabara mbaya kuliko zote unayolazimika kuipita, si kwa ile nzuri unayojivunia. Miaka ishirini na mitatu nimesimama hapa kwenye makutano, lami inapoishia na udongo unapoanzia, na sikuwahi kumuuzia mtu tairi lisilomfaa, ila mara moja. Madereva wananiita Bi Meno. Sijui ni kwa ajili ya meno ya matairi au ni kwa ajili ya mdomo wangu, na sijauliza.

Basi sikiliza jinsi nilivyomuuzia mdogo wangu wa mwisho matairi mabaya, tena kwa makusudi.

Mdogo wangu huyo nilimbeba mgongoni mpaka alipokuwa mkubwa wa kutia aibu. Mama yetu alituacha yeye akiwa na miaka minne, nikamlea mimi, kwa makofi na kwa mapenzi, na makofi yalikuwa machache kuliko anavyosimulia. Alipooa, akahamia kilomita kumi na moja kutoka hapa kwangu, kule bondeni, kwa sababu mkewe alikuwa anafundisha hesabu kwenye shule ya huko. Njia ya kwao ni ya udongo mtupu. Na kabla hujafika huku kwangu kuna mlima wa udongo mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa na masika unashika kiatu chako ukabaki na soksi. Gari lao ni dogo, la milango mitatu, jepesi, linavuta kwa magurudumu yote manne. Mdogo wangu aliliita Panzi, maana kwenye mashimo lilikuwa haliendeshwi, linarukaruka.

Mwaka jana akaanza kuumwa mgongo. Tukasema ni godoro. Baadaye tukasema ni kazi. Halafu daktari akatuonyesha picha ya mifupa, na hatukusema tena kitu. Kila Jumanne ikawa ni safari ya hospitali mjini kutundikiwa dawa: kilomita kumi na moja za udongo, kisha arobaini za lami. Daktari hakutuficha. Alisema dawa haitamponya, ila akiipata kila wiki bila kukosa, huenda akafika mwaka mwingine. Wifi yangu akalishika lile neno "mwaka" kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Hakulisikia lile "huenda".

Mwezi mmoja kabla ya masika wakaja dukani. Matairi ya Panzi yalikuwa vipara, hata aibu kuyatazama. Mdogo wangu akakaa kwenye benchi na mto wake mgongoni, wifi akasimama kaunta na daftari lake, maana yule hata chumvi anainunua kwa mahesabu. Nikasimamisha matairi mawili sakafuni, ubavu kwa ubavu.

"Hili ni la njia zote," nikamwambia. "Meno yake madogo, yamekaribiana. Kwenye lami linakwenda kimya, kwenye changarawe linashika vizuri, kwenye tope jepesi linajitahidi. Tope zito likishajaa kwenye meno, limekwisha, linakuwa sabuni. Hili la pili ni la matope. Ona nafasi kati ya jino na jino, vidole vitatu vinapita. Linatema udongo kila likizunguka. Na huu mshale hapa ubavuni unakuonyesha lizunguke upande gani. Ukilifunga kinyume, linakusanya tope badala ya kulitema."

"Ubaya wake?"

"Kwenye lami linaunguruma, na gari zima linatetemeka. Kilomita arobaini kwenda, arobaini kurudi."

Wifi akamgeukia mumewe. Akamtazama pale alipokaa na mto wake. "Nitamfikisha," akasema polepole, "lakini nitamfikisha amevunjika." Kisha akajikaza. "Hapana. Ya matope. Kufika kwanza." Simu yake ikalia, ilikuwa mwalimu mkuu, akatoka nje kuzungumza.

"Dada," mdogo wangu akaniita. "Njoo karibu."

"Nini? Unataka maji?"

"Weka yale ya njia zote."

"Kwa ajili ya mgongo? Nitakutafutia sponji nene, nitakukatia mwenyewe, usiwe na wasiwasi."

"Sio mgongo, Dada. Nimechoka." Alisema kama mtu anayekwambia saa. "Nikirudi Jumanne natapika siku nne. Nabaki na mbili za kuwa mtu. Halafu Jumanne tena."

"Basi mwambie mkeo."

"Nimejaribu. Siwezi. Nikikataa mimi, ataona nimemwacha kwa hiari yangu, na atakaa na hilo maisha yake yote. Mvua ziko njiani. Nataka barabara ikatae yenyewe."

Jamani, nilimsema! Nilimwita mjinga, nikamwita mbinafsi, nikamwita kitinda mimba aliyelelewa vibaya. Yote hayo kwa kunong'ona, mkewe yuko hatua kumi nje ya mlango. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Kulelewa vibaya na nani?" akaniuliza. "Si na wewe?"

Mimi, Bi Meno, nikakaa chini kwenye rundo la matairi, nikamshika mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umebaki mifupa. Nilimchukia kwa kunichagua mimi. Nilijua pia kwamba hakuwa na mwingine wa kumwomba.

"Niahidi hutamwambia," akasema. "Leo wala nikishaondoka."

Wifi aliporudi alinikuta nimesimama. Nikamwambia nimefikiri tena. Gari lenyewe jepesi, halihitaji meno makubwa, haya ya njia zote yatatosha kabisa.

"Una hakika, wifi?"

"Kwani nimewahi kukudanganya?"

Nikaona bega lake likishuka, mzigo umemtoka. Alikuwa anaogopa kumtetemesha yule mtu kilomita themanini. Alinishukuru. Niliyafunga yale matairi mwenyewe, nikapima upepo mara mbili, na fundi wangu akaniuliza mbona naumwa na mafua ghafla.

Mvua zilikuja Alhamisi, zikanyesha siku tano mfululizo. Jumanne saa mbili asubuhi simu ikalia. "Tumekwama mlimani," wifi akasema. "Njoo na pikapu yako, utuvute." Pikapu yangu ina matairi ya matope mbele na nyuma. Nikatupa kamba nyuma, nikashuka.

Niliwakuta katikati ya mlima, Panzi amekaa upande kama mlevi, magurudumu hayaonekani meno, yamevikwa tope hadi juu. Wifi alikuwa nje, peku, sketi ameifunga kiunoni, anachimba kwa sufuria. Kwa sufuria! Mwalimu mzima wa hesabu. Udongo ulikuwa umemfika kwenye nyusi. Mdogo wangu ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu, ananitazama.

"Afadhali umefika," wifi akasema, anahema. "Funga kamba. Tukivuka hapa tu, lami hii hapa."

Nikazunguka gari. Nikainama, nikajifanya napima. Ningeweza kuwavuta. Nakwambia wewe, kwa sababu sijamwambia mtu: ningewavuta mpaka juu kwa dakika kumi.

"Haiwezekani," nikasema. "Kushuka ni kushuka. Kupanda na gari jingine nyuma, tutaangukia mtaroni wote."

"Basi apande kwako! Tumbebe, akae mbele, wewe umpeleke. Mimi nitabaki na gari."

"Klachi yangu inateleza. Likinizimikia hapo juu naye yumo ndani, tutafanya nini?"

Klachi ilikuwa mpya. Niliifunga mwezi mmoja kabla, na wifi mwenyewe alikuwepo dukani siku hiyo, anakunywa chai, lakini mambo ya klachi hayakai kichwani mwake. Alinitazama. Akatazama mlima. Kisha akakaa chini palepale kwenye tope na sufuria yake mapajani, akalia kwa sauti kama mtoto. Mdogo wangu akafumba macho. Nikafunga kamba nyuma ya Panzi, nikawavuta kurudi kwao.

Jumanne ya pili wifi alijaribu peke yake, bila kuniambia, akakwama palepale. Gari la wagonjwa lilikataa kushuka bondeni masika. Pikipiki, kwa mgongo ule, tusiizungumzie. Jumanne ya tatu mdogo wangu alimwambia, "Mke wangu, pumzika leo," na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata yeye hakubisha.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Zile wiki tatu zilikuwa nzuri. Kutapika kulikoma. Akawa anakula, akaomba aongezewe. Alikaa dirishani akasikiliza mpira redioni na kumtukana mwamuzi. Nilikuwa nakwenda kila siku jioni, na pikapu yangu ile ya klachi mbovu, ambayo nilimwambia wifi inanivumilia nikiwa peke yangu tu, si na mgonjwa, na mdogo wangu alinitania mbele ya mkewe: "Dada, klachi leo inasemaje?" Mshenzi. Nilitamani kumchapa, nikawa namcheka. Wifi naye alianza kuimba jikoni. Aliniambia kwa siri, macho yanang'aa, "Anapona, wifi. Mvua zikikatika tumwahishe, daktari atashangaa."

Alifariki Jumapili mchana, mkewe akimkata kucha. Alikuwa amemaliza mkono mmoja.

Mwezi na nusu baadaye, njia imekauka, Panzi akasimama mbele ya duka langu. Wifi alishuka, akaingia, asikae. Alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia. Alienda moja kwa moja kwenye matairi ya matope, akaingiza vidole vitatu kati ya jino na jino, kama nilivyomwonyesha siku ile.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka haya, halafu nikaogopa kelele. Kelele! Nikifumba macho naliona gurudumu linazunguka palepale. Alikuwa ameanza kupona. Alikuwa anakula, wifi, wewe mwenyewe ulimwona. Jumanne tatu. Nimepiga hesabu. Silali. Nimemuua mume wangu kwa kuogopa kelele."

Nilikuwa na neno moja tu la kumfungua. Ningesema: mumeo alichoka, alinituma. Na angefunguka hapo, halafu angefungwa pengine, maana angekumbuka ile sufuria, na kwamba alipokuwa anachimba, mumewe alikuwa ndani ya gari anaomba Mungu tope lishinde. Nilikuwa nimeahidi. Na hata kama nisingeahidi, ningetoa wapi roho ya kumwambia hilo?

"Nilikosea," nikasema.

Akageuka. "Wewe?"

"Mimi. Wewe ulichagua vizuri. Ulitaka ya matope, mimi ndiye niliyekugeuza. Uliniuliza kama nina hakika, nikakujibu. Yale matairi hayakuifaa njia yenu, na hii ndiyo kazi yangu, nilipaswa kujua."

Sitakuficha, nilitumaini angekataa. Nilitaka aseme, hapana wifi, wewe hukosei. Hakukataa. Aliniamini papo hapo, na nikaona kabisa ule uzito unavyomtoka yeye usoni na hasira inavyoingia mahali pake.

"Nilikuamini," akasema. "Ndugu yako wa tumbo moja, na ukampimia kwa macho tu." Akatoka. Hakufunga mlango.

Ng'ambo ya barabara kuna muuza matairi mwingine, mzee mmoja mvivu ambaye hatujasalimiana miaka tisa, tangu aliponiibia wateja kwa maneno. Wiki iliyofuata nilimwona wifi pale, anafungiwa matairi ya matope, manne mapya, katikati ya kiangazi. Nilisimama nyuma ya kioo changu nikatazama kazi ya yule mzee, na kama kawaida yake alikuwa anapiga soga huku anafunga. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, mshale ulikuwa unatazama nyuma. Nilishika kitasa cha mlango. Wifi akainua kichwa, akaniona, akageuza uso. Nikaachia kitasa.

Panzi aliondoka akiunguruma, nikamsikia mpaka alipoiacha lami. Ndipo nikavuka barabara. Yule mzee aliponiona akasimama na spana mkononi, akidhani nimekuja kugombana.

"Yule mama aliyetoka sasa hivi," nikamwambia, "umemfungia kinyume. Nyuma kushoto. Akirudi kuongeza upepo, ligeuze. Na usimwambie ni mimi niliyesema."

Akanitazama sana, akaona uso wangu, akaacha maneno aliyokuwa ameyaandaa.

"Anakaa wapi?" akauliza.

Nikamweleza njia yote, kilomita kumi na moja, pamoja na ule mlima.