Winchi Aliyoichagua Mama Mkwe

Msimu wa mvua uliopita, gari la chanjo lilikwama siku mbili kwenye tope la mfinyanzi, na sanduku zima la chanjo likaharibika kwa joto. Dereva wake, mtu mzima asiyezoea kushindwa na barabara, alirudi mjini akikokotwa na trekta kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Watu walimcheka siku mbili tatu wakasahau. Yeye hakusahau, maana aliyaona macho ya akina mama walioambiwa warudi nyumbani na watoto wao bila chanjo.

Kwa hiyo daktari mkuu wa kituo alipomwita na kumwambia ruhusa ya kununua winchi, mashine ya kulivuta gari lililokwama, imepatikana, dereva alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kachague mwenyewe," daktari alimwambia. "Anayekwama ni wewe, si mimi."

Moyoni alikuwa ameshachagua. Kwenye kioo cha mbele cha duka la vipuri kulikuwa na winchi nyekundu, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, imeandikwa kwa herufi nene kwamba inavuta tani nane. Kila akipita pale alipunguza mwendo. Jumamosi asubuhi alioga, akavaa shati safi, akachukua ufunguo.

Mkewe alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue, na mama yake alikuwa amekuja kumsaidia kulea. Mama huyo alikuwa sebuleni akinywa chai.

"Safari ya wapi, mwanangu?" akamuuliza dereva.

"Kununua winchi, mama."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Ya kuvuta nini?"

"Gari, mama. Likikwama."

"Nisubiri nivae viatu."

Dereva alimtazama mkewe akiomba msaada. Mkewe akainamisha uso kwa mtoto, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Basi hapakuwa na la kufanya. Mkwe ni mkwe, huwezi kumwambia abaki nyumbani. Kwa miaka sita ya ndoa, maneno yake na mama mkwe yalikuwa shikamoo, marahaba, na habari za afya. Alichojua ni kwamba mama huyu alifanya kazi bandarini hadi akastaafu. Siku zote alimdhania karani, au mpishi wa kantini.

Muuza vipuri aliwapokea kwa bashasha. Alikuwa kijana wa maneno mengi, na alipoona dereva anaelekea moja kwa moja kwenye ile nyekundu, alijua leo riziki imekuja yenyewe.

"Hii ndiyo baba yao," alisema akiipigapiga mgongoni. "Tani nane. Inang'oa hata mti."

"Sisi hatuendi kung'oa miti," alisema mama mkwe.

Kijana alicheka kidogo, akamletea kiti akapumzike. Mama akashukuru, akaweka mkoba wake juu ya kile kiti, kisha akainama kuitazama winchi. Akaizungusha ngoma yake, ile sehemu inayosokotewa kamba. Akaingiza kidole baina ya ngoma na fremu, akasikiliza.

"Hizo tani nane," aliuliza bila kuinua kichwa, "ni kamba ikiwa imetoka yote, au ngoma ikiwa imeshiba?"

Kijana akasoma tena zile herufi nene. "Ni... tani nane tu, mama."

"Hakuna tani nane tu. Kamba ikibaki mizunguko michache kwenye ngoma, ndipo winchi ina nguvu zake zote. Kila safu inayolala juu ya nyingine inapunguza. Ngoma ikishiba, tani nane zako hazifiki hata sita." Akamgeukia mkwewe. "Gari lako likijaa mafuta, maji, sanduku la chanjo na watu, lina uzito gani?"

"Kama tani tatu, mama."

"Tatu, na nusu yake juu. Nne na nusu. Betri yako ina umri gani?"

Dereva alijikuta amesimama wima kama mwanafunzi. "Miaka miwili. Ndiyo hiyo hiyo inayoendesha friji ya chanjo."

"Ehe. Sasa hili jitu jekundu likianza kunywa umeme, utatoka kwenye tope ukiwa na chanjo zilizochemka. Utakuwa umeokoa gari ukapoteza safari."

Dereva aliitazama winchi yake aliyoiota wiki nzima, na kwa mara ya kwanza akaiona ni rangi tu. Aliona haya kidogo, lakini haya ile ilimezwa na kitu kingine. Alitaka kujua zaidi.

Mama alipita kwenye rafu za nyuma, ambako wateja hawafiki, akaelekeza kidole kwenye winchi ya kijivu, ndogo kuliko mwenzake, isiyo na mbwembwe. Tani nne na nusu kamili. Akataka ijaribiwe. Kijana alijitetea kwamba hawana utaratibu huo.

"Mwanangu," mama alimwambia kwa upole, "wewe unauza kitu cha kuvuta. Kimewahi kuvuta hata kiti?"

Kijana akaona bora yaishe. Wakaifunga winchi kwenye fremu ya chuma iliyosimikwa uani, wakaiunga na betri, kamba yake ikashikizwa kwenye pikapu ya duka iliyofungwa breki. Mama akaichukua rimoti. Akabonyeza, akaachia. Akabonyeza, akaachia. Kamba ilikaza polepole bila kushtuka, na pikapu ikaja ikiburuza matairi, kama mtu anayevutwa shati na mtoto wake. Kisha mama akasimamisha katikati na kutulia. Pikapu haikurudi nyuma hata unywele. Akaweka kiganja juu ya mota.

"Ukishindwa kuweka mkono hapa ukahesabu mpaka tano," alimwambia dereva, "ipumzishe. Winchi nayo hupumua."

Ilibaki kuchagua kamba. Dereva alikuwa na hakika mtu wa bandarini atataka waya wa chuma. Mama akakataa, akachukua kamba ya nyuzi.

"Nimefanya kazi na chuma miaka ishirini na sita," alisema. "Chuma kikikatika hurudi kumtafuta aliyekivuta. Nilimwona mwenzangu akipoteza mguu kabla hajamaliza sentensi. Hii ya nyuzi ikikatika inaanguka chini. Ila haipendi mawe wala mchanga, kwa hiyo uitunze." Mwisho akachukua roda moja nene ya chuma, kigurudumu chenye mfereji wa kupitishia kamba. "Na hii. Ukipitisha kamba kwenye roda na kuirudisha garini, mvuto unakuwa karibu mara mbili. Mwendo utakuwa wa konokono, lakini konokono hufika."

Wakirudi, dereva alishindwa kuvumilia.

"Mama, nilidhani bandarini ulikuwa ofisini."

"Nilikuwa ofisini. Ofisi yangu ilikuwa juu, kama ghorofa ya kumi, ina vioo pande zote na kiti kimoja. Makontena yalipita chini ya miguu yangu, yakining'inia kwenye kreni yangu." Akatazama nje ya dirisha. "Wenzangu waliniita Mkono Mwepesi. Walisema nikitua kontena, paka aliyelala pembeni haamki."

"Mbona hukuwahi kutuambia?"

"Mbona hukuwahi kuniuliza?"

Kweli, dereva hakuwahi.

Mvua zilianza mwezi uliofuata. Safari ya tatu, yeye na muuguzi wa chanjo wakiwa peke yao kwenye uwanda usio na mti wala jiwe, gari lilizama hadi kwenye ekseli. Muuguzi alishuka, akaona, akashika kiuno.

"Hapa utafunga kamba wapi? Kwenye mawingu?"

Dereva alishakaa na mama mkwe jioni nyingi tangu siku ile ya duka, akiuliza. Akashusha tairi la akiba na sepetu. Walichimba shimo kwa zamu, kina cha kifua, wakalizika tairi limesimama, roda imefungwa katikati yake kwa mnyororo, yenyewe ikibaki nje ya udongo. Kamba ikaenda kwenye roda ikarudi kwenye ndoano ya mbele ya gari. Akatupia koti zito juu ya kamba, ili hata ikikatika iangukie chini, akamtuma muuguzi asimame mbali, akawasha injini.

Akabonyeza, akaachia. Udongo ukapasuka mbele ya tairi lililozikwa, ukajivimbisha, ukashika. Mara mbili akaenda kuigusa mota, mara mbili akaipumzisha, ingawa kila kiungo chake kilitaka kuharakisha. Baada ya muda gari likatoa sauti ya kunyonya, likainua pua, likatambaa hadi penye udongo mgumu. Muuguzi alifungua friji, akatazama kipimajoto, akaifunga tena.

"Baridi," alisema, akakaa chini palepale na matope yake, akaanza kucheka.

Walichelewa kwa saa tatu. Akina mama walikuwa bado wanasubiri. Watoto sitini na mmoja walichanjwa, na kila aliyelia, dereva alisimama mlangoni akimsikiliza kama anasikiliza taarabu.

Kesho yake alipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa kibarazani amempakata mjukuu. Dereva alimsalimia, kisha akamsimulia yote, shimo, roda, koti, hadi idadi ya watoto. Mama alisikiliza huku akimbembeleza mjukuu.

"Kamba umeiosha?" aliuliza mwishowe.

Hakuwa ameiosha. Mama akampa binti yake mtoto, akakunja mikono ya gauni. Waliivuta kamba yote uani wakaiosha kwa maji na sabuni ya unga, hatua kwa hatua, yeye akisugua na mama akitafuta kwa vidole nyuzi zilizoliwa na mchanga. Ilipokauka, mama akashika rimoti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, akiwa hatua kadhaa mbali na ngoma, akaiongoza kamba irudi. Mizunguko ililala ubavu kwa ubavu, imebanana, bila hata mmoja kumpanda mwenzake.

Dereva alisimama akiutazama mkono ule. Kisha akaomba naye ajaribu, na mama akampisha.