Maji Baada ya Kahawa

Kwetu Castellammare, mji wa bandari wa kusini, maji hunywewa kabla ya kahawa. Unapewa glasi ndogo, unasafisha kinywa, halafu unakunywa kahawa yako umesimama na kwenda zako na ladha mdomoni. Ukinywa maji baada ya kahawa, umemwambia mwenye mkahawa kwamba kahawa yake imekukera na unataka kuiondoa ulimini. Huhitaji kusema neno. Nimeona watu wakinyimana salamu miaka kwa sababu ya glasi moja ya maji.

Nalisema hili mapema nisije nikakatizwa katikati.

Mdogo wangu Catello alivuta kahawa kwenye mikahawa ya watu tangu hajaota ndevu. Huku tunavuta, hatubonyezi. Mashine yetu ina mkono mrefu wa chuma. Unauvuta chini mpaka mwisho, springi inajikaza, unauachia, nayo inayasukuma maji ya moto yapite kwenye kahawa. Kazi yote iko begani, na mteja hulitazama bega la mtu kabla hajatazama kikombe. Catello alipopata chumba chake mwenyewe karibu na lango la kiwanda cha meli, mji mzima ulijua itakuwa mashine ya mkono. Ingekuwa ipi tena?

Aliyeanza vituko ni mkewe, Ornella. Ni mtu wa Udine, kaskazini kabisa, ambako watu hunywa kahawa wamekaa kama wanasubiri daktari. Akasema anataka mashine ya vitufe, unabonyeza tu inajipimia yenyewe. Eti yeye hana nguvu za kuvuta, na siku Catello hayupo nani atauza? Nikamwambia, wifi, huku si kwenu. Ukiweka vitufe mbele ya lango lile wateja wako watakuwa nzi. Akanitazama, akaendelea kukunja nguo zake. Catello hakumtetea hata kwa neno moja. Lilinifurahisha hilo, sifichi.

Tukaenda watatu kwa Gargiulo, muuza mashine wa Nola. Alikuwa amewasha mbili kwenye kaunta moja ili tulinganishe. Alianza na ya vitufe, akabonyeza huku anaongea, kama wafanyavyo wauzaji wote. Vikombe alivitoa kwenye maji yanayochemka, vya kuunguza midomo, kama inavyotakiwa. Kahawa ilikuwa nzuri. Nilikasirika kwamba ilikuwa nzuri.

Catello akasema sasa ni zamu yake. Akamwambia Gargiulo akae pembeni, akaushika mkono wa mashine, akavuta. Ukafika nusu. Nikaona uso wake unabadilika rangi na bega la kulia linapanda kuelekea sikioni. Mkono wa namna ile ukikuponyoka hurudi juu kwa nguvu ya kumvunja mtu taya. Gargiulo aliruka kuuwahi, lakini Ornella alikuwa amekwisha fika. Akaweka viganja vyake juu ya vya mumewe, wakauvuta pamoja hadi chini.

Huyo ndiye aliyesema hana nguvu za kuvuta. Majira yote ya baridi nilimwona akimvalisha mumewe koti, nikawa nasema anamdekeza.

Kahawa ikatoka imepauka, yenye povu la kubabaisha. Tukanywa. Mimi nikasema si mbaya. Catello alimaliza yake, akaweka kikombe, halafu akachukua glasi ya maji ambayo hakuwa ameigusa, akanywa yote.

Mtu akishajihukumu mwenyewe, utaongeza nini? Ornella akamgeukia Gargiulo.

"Tunachukua ya vitufe," alisema. "Mimi ndiye nisiyeweza kuvuta."

Ndani ya gari Catello akatueleza, yaani akanieleza mimi, maana mwenzake alikuwa anajua. Kano za bega zilikatika tangu vuli, na daktari alisema hazitaunga vizuri tena. Akaniomba watu wasijue. Nikamjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ila nikakubali.

Mkahawa ulifunguliwa majira ya kuchipua. Watu wa kiwandani wakaja, wakakuta vitufe, na lawama haikutafuta mwenyewe mbali. Wakamwita Ornella Bi Kitufe. Wakasema mwanamke wa kaskazini amemkata Catello mkono. Yeye aliwawekea maji, akabonyeza, akawapa kahawa. Catello alifuta kaunta kwa mkono wa kushoto, kimya. Mimi nilimwonea hasira, yeye kuliko wao. Siri ya bega lake ilikuwa salama, na matusi yote yalimwangukia mkewe.

Ndipo akaja mzee Aniello, mchomeleaji mstaafu, ambaye Catello alimvutia kahawa tangu ujana wake na kumheshimu kama baba. Hakugusa maji. Alikunywa kahawa yote huku glasi yake imejaa, na watu wote wakageuka kuitazama glasi ile.

"Catello," alisema, "mkono wako ulikuwa na thamani kuliko chumba hiki chote. Na wewe umemwachia Bi Kitufe aufungie kabatini."

Akaishika glasi.

Ornella alisimama palepale mbele yake. Hakuyaondoa macho. Catello akakiacha kitambaa.

"Mkono wangu umekufa, mzee," alisema. "Umekufa tangu vuli. Hata droo siwezi kuvuta. Huyu alijua, akayabeba maneno yenu yote ili mimi nionekane mzima. Nami nikamwacha ayabebe. Maji hayo ukitaka kuyanywa, yanywe kunihukumu mimi, si yeye."

Mzee Aniello akamtazama bega. Kisha akamtazama Ornella. Akairudisha glasi mezani ikiwa imejaa, akaisukuma mbali, akamsogezea kikombe kitupu.

"Mwanangu," alimwambia, "nipe nyingine."

Ornella akabonyeza.