Moto wa Sigara ya Baba

Siku mjomba Eusebio alipofika kutoka Milola, hakupewa hata maji kabla ya kuanza kumiminiwa mabaya ya mpwa wake. Mzee Stephano alikuwa akimngoja sebuleni tangu asubuhi, shati amelifunga vifungo hadi shingoni kama mtu anayekwenda mahakamani. Brighton, mwanawe wa kidato cha tatu, aliketi mkekani mbele yao, mdomo ameubenua.

Jikoni, dada yake mkubwa, Benadetha, alisikia kila neno. Tangu mama yao afariki, yeye ndiye aliyewaangalia wadogo zake wawili na nyumba yote. Baba alieleza jinsi mwalimu alivyomkuta Brighton nyuma ya vyoo vya shule, sigara mdomoni. Akaeleza habari za gari la matangazo lililokuja uwanjani na muziki wake, likigawa kofia na sigara za bure kama pipi. Siku hizi za biashara huria, alisema, kila genge linauza sigara na vijana hawana adabu. Mjomba amchukue mtoto wa dada yake akalime ufuta. Shule basi.

Brighton alinong'ona kwamba mitihani imekaribia.

"Wa kuvuta umeshafaulu," baba akamjibu.

Mjomba akauliza ni nani aliyemfundisha. Wahuni, akasema baba. Brighton akacheka puani, na ndara ya baba ikampata begani.

Hasira ilipompanda, baba alitamani kuvuta. Akatoa sigara mfukoni na kumwita Lusia, mdogo wao wa mwisho, akamwashie.

Viberiti vilikuwa tele madukani, lakini baba hakuacha mazoea ya ile miaka ya uhaba na foleni, moto wa sigara ulipotoka jikoni na mtoto akatumwa kuufuata. Benadetha ndiye aliyeanza kutumwa. Akapaliwa, akaidondosha sigara majivuni, akachapwa, na kazi ikahamia kwa Brighton. Sasa ilikuwa ya Lusia wa darasa la pili.

Lusia akachuchumaa penye jiko. Akaitia sigara mdomoni, akainamia makaa, akavuta hadi mashavu yakabonyea. Benadetha alikuwa amezoea kumwona akifanya hivyo, bila kumtazama hasa. Leo alimtazama. Sigara ilikwisha kushika moto, lakini mtoto alivuta tena, macho ameyafumba, kisha akautoa moshi puani taratibu kama mzee aliyeshiba. Hakukohoa.

Benadetha hakuwa mtu wa maneno. Kwa baba yake alizungumza akitazama sakafu. Lakini akinyamaza, Brighton angeondoka kesho na shule yake ingeishia hapo. Akamshika Lusia mkono, sigara inafuka, wakaingia sebuleni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Umeuliza nani amemfundisha Brighton. Naomba umuulize huyu anavuta mara ngapi kabla hajaileta."

Mjomba akamuuliza. Lusia akatabasamu, akidhani anasifiwa.

"Mara mbili. Ya kwanza ya moto, ya pili yangu."

Baba akasimama. Akamwita Benadetha nyoka, akamuuliza kama alimlea ili aje kumchongea kwa shemeji yake. Akasema yeye aliomba moto tu, hakumtuma mtoto kuvuta. Mjomba alimwacha amalize.

"Nilikuja kuchukua mmoja, na nitaondoka na mmoja," akasema. "Namchukua huyu mdogo, maana hajaiva. Mkubwa umeshamfundisha, Stephano. Abaki asome, akae na mwalimu wake."

Benadetha akasema Lusia ana miaka minane tu, hajawahi kulala mbali naye.

"Ndiyo maana namchukua."

Hakuna aliyebishana tena na mjomba. Benadetha akakunja magauni ya mdogo wake, akamsuka nywele haraka haraka. Lusia alipoelewa, alimng'ata mkono hadi ukatoka damu, kisha akatoka na mjomba bila kugeuka.

Jioni Brighton aliketi na daftari lake, akajifanya haoni mtu. Baba akaleta kigoda mlangoni pa jiko, mahali asipokaa kamwe, akawasha sigara kwa kiberiti kipya na kumpulizia Benadetha moshi usoni.

"Umefurahi?" akamuuliza.

Benadetha akainamia sufuria. Macho yalimwasha. Akaendelea kusonga ugali, wa watu watatu.