Fatu si Mkorosho

Kaka yangu Sabiri ana roho nzuri, lakini kichwa chake, Mungu anisamehe, ni kigumu kuliko kinu. Mwaka ule wa ukame nusura kichwa hicho kimlaze mkewe Fatu chini maisha yake yote.

Ng'ombe wa jirani yetu Koisaba waliingia shambani kwa Sabiri wakamaliza maharage yote. Siku zote mke wa Koisaba, Naitoi, alimletea Fatu maziwa, naye Fatu akampa unga. Sabiri akaapa kwamba maziwa ya boma lile hayatavuka tena kizingiti chake. Fatu hakuulizwa.

Serikali ilikuwa imeshafungua biashara ya mazao. Malori ya watu binafsi yalisimama hapa Mkata kununua makopa, yaani muhogo mkavu, na lori halina subira. Muhogo wetu mchungu unavundikwa kwanza mpaka ulainike ndipo unaanikwa. Watu wakaanza kumenya na kuanika hapo hapo bila kuvundika. Lori likiondoka, makombo ya makopa hayo ndiyo yaliyosagwa nyumbani. Mahindi yalishakauka, kwa hiyo tulikula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, mboga ni mlenda.

Asubuhi moja Fatu alitaka kuinuka kwenye kigoda, miguu ikakataa. Ilikuwa imekakamaa. Tulimpandisha basi mpaka hospitali ya Korogwe, mimi na Sabiri tumemshika huku na huku.

Daktari Gregori alituuliza tunakula nini, kisha akatueleza taratibu. Muhogo mchungu usiovundikwa una sumu. Mwili una namna yake ya kuifunga sumu hiyo na kuitoa kwenye mkojo, na kazi hiyo inataka salfa. Salfa hiyo tunaipata kwenye maziwa, maharage, mayai, hata dagaa. Mwili hauna ghala kubwa la kuiweka. Usipokula vitu hivyo inaisha, na sumu inabaki inacheza na mishipa ya fahamu. Alisema miguu huenda isirudi sawa kabisa, ila tukibadilisha chakula haitazidi kuharibika, na Fatu atatembea.

Sabiri aliitikia kila neno. Nikashangaa amekuwa msikivu lini.

Tuliposhuka Mkata akapotelea kwenye duka la pembejeo. Zamani salfa ya kupulizia mikorosho tuliisubiri ushirika uilete. Siku hizi kila duka linayo. Akarudi na pakiti ya unga wa njano. Namkuta jikoni anakoroga uji wa mgonjwa, kijiko cha salfa kiko mkononi. Jamani! Nilimpokonya sufuria nikaumwaga uji wote nje.

"Fatu si mkorosho," nikamwambia. "Daktari alisema maziwa, na ulimsikia. Umeshika salfa kwa sababu dukani hakuna Koisaba."

Alikaa kwenye gogo, kichwa chini, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Kisha akavaa kofia yake, akashika njia ya bomani. Nilimfuata nyuma, kwa umbea tu, sitaki kudanganya.

Koisaba alikuwa anafunga ndama. Sabiri alivua kofia, akamsalimu. "Mke wangu hawezi kusimama. Naomba maziwa."

Koisaba alimtazama kidogo, akamwita mkewe. Naitoi alitoka na kibuyu bila kutaja bei. Alituambia kwamba miezi yote hiyo aliamini Fatu ndiye aliyemkasirikia.

Tulirudi kuvundika muhogo kama mama zetu, lori lisubiri au liende zake. Maziwa Sabiri aliyafuata mwenyewe bomani kila asubuhi. Mvua za masika ziliponyesha, Fatu alisimama kwa fimbo, mguu wa kushoto anauburuta. Sabiri akataka kumbeba; Fatu akamkatalia. Alipita shamba lote lile la maharage peke yake, sisi tuko nyuma, mpaka mlangoni kwa Naitoi. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Naitoi alitoka mbio kumshika. Fatu akamwegemea, anahema.

"Aliyekasirika ni mume wangu," akamwambia. "Mimi nilikuwa nakungoja."