Waya Uliopita Dirishani

Mjukuu wangu Ilinca aliolewa Norwe, na Jumapili ile ya Februari binti yake Casiana, kitukuu wangu wa kwanza, alikuwa anatimiza mwaka. Kwetu Brăila, nchini Romania, mtoto akifika umri huo, baba wa ubatizo humkata kishungi cha nywele, halafu mtoto huletewa sinia lenye vitu mbalimbali achague mwenyewe. Atakachoshika ndicho kitakachotuambia atakuwa mtu wa namna gani. Niliwaona wanangu wakichagua, nikawaona wajukuu, na huyu nilitaka kumwona papo hapo anaponyoosha mkono, si kuja kusimuliwa.

Simu zetu siku zile zilikuwa za vitufe tu. Lakini mume wa Ilinca aliniachia kompyuta yake ya mezani, kuukuu lakini nzima, akaiwekea Linux, mfumo wa bure ambao nembo yake ni pengwini, akanifundisha kuiwasha na kupiga simu ya picha. Haikuweza kunasa mtandao wa hewani, ilitaka waya. Mtandao wenyewe ulikuwa ghorofa ya juu yangu, kwa Pantelimon na mkewe Smaranda. Nyonga yangu haipandi ngazi tena, basi tukapatana waya ushuke kwangu.

Smaranda aliufunga ncha kwenye kiazi ili usipeperushwe, akauteremsha taratibu nje ya ukuta. Nikafungua dirisha la jikoni, nikaudaka, nikakifungua kiazi na kukiweka kando kwa ajili ya supu. Pantelimon akashuka na kofia yake ya manyoya kichwani, akapiga magoti nyuma ya kompyuta.

"Dada Veturia, mimi nimefunga simu nusu ya mji huu," akasema. "Huyu mnyama wako hanisumbui."

Alisema mnyama kwa sababu ya yule pengwini wa Linux aliyebandikwa ubavuni.

"Chomeka kwanza, utajisifu baadaye," nikamwambia.

Akachomeka. Kando ya tundu kikawaka kitaa cha kijani, kijani cha mnanaa mchanga, na chenzake cha manjano kikaanza kukonyeza. Nikavaa miwani. Juu ya kioo palikuwa na alama ya mtandao, nikaibofya, nikachagua ule wa waya, na pale penye anwani nikaacha neno Otomatiki kama nilivyofundishwa. Kompyuta yenyewe ikaomba anwani kwa kile kisanduku cha mtandao kilichoko kwa Smaranda, ikapewa. Pakatokea maandishi: Umeunganishwa.

"Eh!" Pantelimon akapiga makofi. Halafu akajishika shingo. "Lakini dirisha, dada! Unataka niamke kesho mdomo umekwenda sikioni?"

Upepo wa dirishani kwetu si jambo la mzaha. Ukikupiga shingoni umekwisha, na ukikupiga sikioni ni vibaya zaidi. Nikalifunga mara moja, nikalisukuma kwa kiganja mpaka kitasa kikalia, kwa kuwa mbao zake zimevimba.

Tulipogeuka, vitaa vilikuwa vimezimika. Kioo kikasema: Waya haujachomekwa.

"Haujachomekwaje, na mimi nauona?" Pantelimon akauchomoa, akaupuliza, akauchomeka tena. Kimya. "Ni mke wangu. Plagi ya kule juu imevunjika kile kiulimi chake cha kuinasa, nilimwambia aishikilie. Ameiacha, ameenda kukoroga chungu."

Nikafungua dirisha, nikatoa kichwa. "Smaranda! Umeiachia?"

"Niiachie nini? Nimeishika kama kuku wa kuchinjwa!"

"Imerudi!" Pantelimon akapiga kelele nyuma yangu.

"Basi, kaza hivyo hivyo!" nikamwambia Smaranda, nikafunga dirisha, na vitaa vikafa.

Nikafungua tena. "Smaranda, mama, tafadhali usicheze."

"Nani anacheza? Mkono umekufa ganzi!"

"Imerudi!"

Nikafunga. Ikafa. Pantelimon akaanza kumlaumu pengwini, eti anatoka nchi za barafu ndiyo maana hapendi chumba chenye joto. Nilipofungua mara nyingine, Smaranda alikuwa ameshaning'inia nje, uso umeiva.

"Mwambie huyo mume wangu asubuhi alikula maharagwe yote peke yake na sikusema neno! Ila kuniita mwongo, hapana!"

"Sasa plagi kaishika nani?" nikauliza.

"Hakuna! Nimeichoka! Imekaa yenyewe!"

Nikageuka. Vitaa vilikuwa vinawaka vizuri kabisa. Nikatazama chini ya mkono wangu, kwenye fremu. Waya ulikuwa umelala pale mbao zinapokutana, umebonyea kama tambi iliyokanyagwa. Kumbe ni mimi niliyekuwa nikiubana kila mara kwa kiganja changu mwenyewe.

"Bwana Panti," nikasema, "ni ama shingo yako, ama Casiana."

Aliangalia dirisha lililo wazi, theluji nyembamba ikiingia mpaka kwenye jiko. Akafunga masikio ya kofia yake chini ya kidevu. "Nipe blanketi," akasema. "Tena lile nene. Smaranda! Rudi kwenye plagi, isije ikatoka!"

Nikavaa koti la mazishi na vitambaa viwili vya kichwa, nikampa pamba ya kuziba masikio, nikamnyang'anya tena kwa sababu hatasikia kitu. Nikapiga simu.

Ilinca akatokea, akatutazama, akaangua kicheko. "Bibi, mnasafiri?"

"Mlete mtoto, midomo inaganda!"

Kishungi kilikuwa kimeshakatwa muda huo huo, Casiana bado anajipapasa kichwa. Sinia likawekwa mbele yake: kitana, kalamu, kijiko cha mti, kioo kidogo, kitabu. Nikasahau baridi. Akakigusa kitana, akakitupa. Akaionja kalamu, akaitema. Pantelimon akawa ananong'ona, "Kitabu, mwanangu, kitabu." Casiana akatutazama, mimi na yeye macho kwa macho, nawaapia, akashika ukingo wa sinia kwa mikono miwili na kulipindua. Vitu vyote vikasambaa sakafuni, naye akapiga makofi.

Nililia na kucheka kwa pamoja. Huko juu Smaranda akashindwa kuvumilia.

"Amechukua nini?" sauti yake ikaingia dirishani. "Jamani, niambieni! Amechukua nini?"

"Sinia zima!" nikapiga ukelele kwa pumzi yangu yote.

"Mungu amjalie!" akajibu mtu nisiyemjua, kutoka uani.